Penseli Nyuma ya Kabati

Bega langu la kulia huamka kabla yangu. Likishaamka, usingizi umekwisha. Nabaki chali, nasikiliza mke wangu akitafuta viatu vyake vya kazini chini ya kitanda, na kabla sijafungua macho nimeshachoka. Watu hudhani uchovu ni kitu cha jioni. Wangu hulala nami na kuamka nami, na kwa kweli tumeshazoeana.

Mimi ni seremala, mtoto wa seremala. Nilizaliwa Uvira, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, na nilishika randa kabla ya kujua kusoma. Vita ndivyo vilivyotutoa huko. Nilikaa miaka kumi na miwili kambini Tanzania, nikitengeneza vitanda, milango na majeneza, na huko ndiko nilikookota Kiswahili hiki ninachoandikia, ambacho mke wangu hukiita Kiswahili cha redio. Kisha tukaletwa Sydney. Mama mmoja wa ofisi ya kupokea wakimbizi aliniuliza najua kazi gani. Nikamwambia mimi ni fundi samani. Akaniomba karatasi. Sikuwa nayo. Nikagonga meza yake kwa kidole, nikamwambia hii si mbao, ni maranda yaliyogandishwa kwa gundi, na haimalizi miaka mitano. Akacheka kwa adabu, akaandika kitu. Wiki iliyofuata nilikuwa ghalani nafunga maboksi.

Nilifunga maboksi miaka tisa. Sina mengi ya kusema kuhusu miaka hiyo, ila kwamba nilikuwa mkali nyumbani bila sababu, na kila nilipoingia katika nyumba ya mtu nilikuwa nageuza viti kuangalia miguu yake ilivyoungwa. Mke wangu aliona aibu. Aliniambia siku moja nje ya kanisa, “Papa, watu wanatuitaka kula, haukuitwa kuchunguza vyombo vya watu.” Alikuwa na haki.

Hiyo karatasi niliyoombwa ni cheti cha ufundi. Mwenye nacho ni fundi, anaweza kufungua karakana yake na kuandika jina lake mlangoni. Asiye nacho ni msaidizi, hata awe na mvi hadi kwenye nyusi. Kwa mtu kama mimi, ambaye shule yake ilikuwa baba yake na karakana ya baba yake ikachomwa moto, njia ilibaki moja: mwajiri anayetambulika aandike barua aseme, huyu nimemwona kwa macho yangu, kazi kubwa ameifanya peke yake mwanzo hadi mwisho, na wenye kazi wameipokea. Barua hiyo ndiyo niliyoitafuta, na ndiyo iliyonifanya nifanye nilichofanya.

Mwajiri nilimpata kwa pua. Jumamosi moja nilikuwa natembea Fairfield, nimetoka kununua unga, nikasikia harufu ya gundi ya ngozi inayochemka. Mtu ambaye hakukulia karakana ataiita uvundo. Sikuwa nimeisikia tangu kwa baba. Niliifuata hadi kwenye mlango wa bati uliokuwa kati ya duka la matairi na ghala la mchele, nikaingia bila hata hodi. Ndani alikuwapo mzee wa Kikroatia, mgongo umepinda, anabandika mguu wa kiti. Hakuniuliza natoka wapi wala nina karatasi gani. Alinipa patasi butu na jiwe la kunolea, akaendelea na kazi yake. Nilipomrudishia alijinyoa vinyweleo vya mkono kwa ile patasi, akaangalia ngozi, akasema, “Monday, seven o'clock.”

Mzee huyo alikuja nchi hii akiwa kijana, na alipenda kusimulia kwamba alishuka melini na patasi nne alizozificha ndani ya soksi. Kazi yake ilikuwa kukarabati samani za zamani, zile ambazo matajiri wa hapa walitengenezewa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Nilifanya kazi kwake miaka minne. Alikuwa mtu wa maneno machache na hasira nyingi, kama mimi, kwa hiyo tulielewana. Barua aliniahidi tangu mwaka wa kwanza. Ila alisema hawezi kuandika kwamba nimefanya kazi kubwa peke yangu mpaka ije kazi kubwa, na mimi niifanye peke yangu. Viti na vimeza havikuhesabika.

Kisha mgongo wake ukaharibika kabisa. Watoto wake mmoja ni daktari wa meno na mwingine anauza nyumba, hakuna anayetaka vumbi la mbao. Mwezi wa pili wa mwaka wa nne alinitangazia kwamba Desemba anafunga. Nilipomwambia mke wangu, aliweka sahani chini.

“Na ile lettre?”

“Bado.”

“Bado mpaka wakati gani? Akifunga, nani atakuandikia? Miaka ine yote, Papa! Utarudia ku warehouse na lile bega?”

Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa anainua wazee katika nyumba ya kutunzia wazee huko Blacktown, na magoti yake yalikuwa yanalia akipanda ngazi. Binti yetu, anayesomea uuguzi, alikuwa mezani na kompyuta yake. Anaelewa kila neno la Kiswahili na hujibu kwa Kiingereza. “He's trying, Mum,” alisema, bila kuinua macho.

Kazi kubwa ilikuja mwezi wa tano, imefungwa kwa mablanketi, imebebwa na wanaume wanne waliokuwa wanatukana kila hatua. Lilikuwa kabati la chumba cha kulia, la kuwekea vyombo na mvinyo, refu kuliko sebule yangu. Mbao zake zilikuwa za mwerezi mwekundu wa misitu ya nchi hii, ule ambao wenyeji wa hapa watakwambia ulikatwa mpaka ukaisha. Juu lilikuwa na kioo, chini droo tano na milango minne, na kila upande kichwa cha kondoo dume kilichochongwa, pembe zimejikunja vizuri mpaka unataka kuzishika. Wenye nyumba walitajirika kwa sufu. Nadhani walitaka hata wakila nyama ya kondoo, kondoo awepo awaangalie.

Mzee alinieleza habari zake akiwa amekalia ndoo. Kabati lilitengenezwa katika karakana ya bwana mmoja aliyekuja kwa meli kutoka Uskoti, akafungua duka mjini, akawa ndiye anayewapambia nyumba matajiri wa sufu na wa meli: vitanda, meza za watu ishirini, makabati ya vitabu, hata viti vya watoto. Jina la bwana huyo liko kwenye vitabu, na hapa sitaliandika. Nyuma ya duka lake walikuwapo mafundi wengi, Wajerumani, Waairishi, Wachina, watu walioshuka melini na ujuzi wao bila kitu kingine. Hao hawako kwenye kitabu chochote. Sasa lile jumba la familia ya sufu limefanywa mahali pa watu kutembelea, na wanaolitunza walitaka kabati lirudi katika chumba chake. Likikamilika, angekuja mama mmoja, mtaalamu wao wa historia, kulikagua na kulipokea.

“This one,” mzee akaniambia, akigonga pembe ya kondoo kwa fimbo yake, “you do alone.”

Nilifanya peke yangu. Kwa wiki tisa sikuwa na jambo jingine kichwani. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umeoza, nikauunga. Pembe moja ilikuwa imevunjika ncha, nikachonga ncha mpya kwa mwerezi wa zamani niliokata kutoka kwenye mlango mbovu uliotupwa karakanani. Bawaba zote nilizifungua, nikazisafisha, nikazirudisha na misumari yake ileile ya kuzungusha. Polishi ya mbele sikuitoa, niliifufua kwa kitambaa kilichofungwa pamba, duara ndogondogo, siku baada ya siku, mpaka bega likawa linawaka moto na mimi nikawa nameza vidonge viwili saa nne asubuhi na viwili saa nane.

Katika wiki hizo nilimjua aliyelitengeneza. Simzungumzii bwana wa duka, nazungumzia mwenye mikono. Alitumia mkono wa kushoto, hilo lilionekana kwa jinsi msumeno wake ulivyolala. Meno ya kuunganisha pembe za droo aliyakata madogo na ya kubana, ila kwenye droo ya mwisho upande wa kulia yamelegea kidogo, siku hiyo alikuwa na haraka au na homa. Mahali pamoja, chini ya kioo, alikosea kipimo. Alichomeka kijiti chembamba kama ukucha na kukipaka rangi mpaka hakionekani. Bwana mwenye duka hafichi kosa hivyo, hana wa kumwogopa. Anayeficha hivyo ni mtu anayeweza kufukuzwa jioni ileile. Nilikigusa kile kijiti nikacheka peke yangu. Nilianza kumsalimia asubuhi, kwa Kiswahili, nikivaa aproni. Nilimwita kaka.

Mwezi wa saba mzee alilazwa hospitali kwa ajili ya mgongo. Angekaa siku sita. Aliniachia funguo, na mtaalamu wa jumba alikuwa aje Alhamisi, siku moja baada ya mzee kutoka. Kazi ya mbele ilikuwa imekwisha. Nilikuwa na siku nne, na kabati lililobakiza kazi ya nyuma tu.

Hapa lazima nieleze karakana ya baba yangu, maana bila hiyo nitaonekana mpumbavu, na sikuwa mpumbavu. Uvira mteja haji kuangalia mbele ya kabati. Mbele anaiona kila mtu. Mteja anayejijua anakuja na kaka zake, wanaligeuza kabati, wanatoa droo na kuzipindua, wanapitisha kiganja nyuma. Kiganja kikipata kijiti, kabati linarudi. Wakikuta alama ya penseli, ni aibu kubwa zaidi, kwa sababu penseli ni vipimo, ni kujumlisha na kutoa, ni fundi akiwa hajaamua. Baba alikuwa akisema penseli ni mazungumzo yake na ubao, mteja hayamhusu. Kwa hiyo kazi ya mwisho kwetu, kabla kitu hakijatoka mlangoni, ilikuwa kufuta penseli. Alinipa kazi hiyo nikiwa na miaka saba. Nilifuta penseli Uvira, nikafuta kambini, hata kwenye majeneza nilifuta. Na jeneza nani atalipindua?

Mzee alikuwa ameniambia mambo mengi kuhusu samani za kale. Usitoe polishi ya mbele. Usitumie gundi ya chupa. Usibadilishe misumari. Kuhusu nyuma hakuniambia kitu, kwa sababu kwao hilo si la kuambiwa mtu. Kila fundi aliyefunzwa huku anajua kwamba nyuma na ndani ya kitu cha kale hapaguswi. Kazi zangu za awali zilikuwa viti na vimeza, havikuwa na nyuma ya kufuta.

Nilifungua mbao za nyuma moja moja, nikazilaza mezani. Upande wa ndani zilikuwa chafu, na zimejaa penseli: mistari, namba, alama za msalaba za kuonyesha juu ni wapi. Kwenye ubao wa tatu palikuwa na maandishi. Mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa neno moja fupi, na herufi yake ya kwanza imechorwa na mkia mrefu, kwa kujionyesha kidogo. Wa pili ulikuwa mrefu, herufi zimelala, maneno ya lugha nisiyoijua, na mwishoni namba.

Niliyaona. Sitajitetea kwa kusema sikuyaona. Niliyatazama kama muda wa kumeza mate, nikadhani ni fundi anajikumbusha kitu, upana wa mlango au jina la mteja. Nikachovya kitambaa katika maji ya uvuguvugu, nikakikamua, nikafuta. Penseli ya zamani haitoki kwa maji. Nikachukua msasa laini, nikasugua kwa kufuata mkondo wa mbao, taratibu, bila hasira, kama nilivyofunzwa, kisha nta. Mbao zote nane. Nilipomaliza nilipitisha kiganja. Baba angefurahi. Nilipiga picha nikamtumia mke wangu, akanijibu kwa kidole gumba. Picha ya kabla sikupiga. Nani hupiga picha uchafu?

Siku ile ya Alhamisi mzee alikuja kwa teksi, anatembea na fimbo mbili, sura kama majivu. Mfukoni mwa shati lake alikuwa na bahasha. Alinionyesha bila kuitoa yote: barua, imepigwa chapa, binti yake daktari wa meno alimsaidia Kiingereza. Ilikuwa haijasainiwa. “After she's happy,” alisema. Nilimletea kiti, akakaa akitazama mbele ya kabati. Akasema tu, “Good.” Kwa miaka minne sikuwa nimelisikia neno hilo kutoka kwake.

Mtaalamu alikuwa mama wa makamo, nywele fupi, viatu vya kutembelea, na begi lenye tochi na glavu. Nilimpenda mara moja, kwa sababu alipiga magoti. Aligusa pembe ya kondoo niliyoiunga akatafuta kiungo, hakukiona, akanigeukia akatabasamu. Alitoa droo zote tano na kuzipindua kama mteja wa Uvira. Nikajiambia, huyu anaijua kazi. Kisha akaomba tuvute kabati mbele kidogo, akafungua milango, akaingiza kichwa na tochi, akakaa humo kama anatafuta pete iliyopotea.

Alipotoa kichwa alikuwa na sura ya mtu aliyenyimwa kitu, ila anajikaza. Alituelezea. Katika karakana ya yule bwana, alisema, mafundi hawakuruhusiwa kuweka majina yao. Jina lililotoka mlangoni ni la bwana peke yake. Lakini baadhi yao waliandika kwa penseli, ndani, nyuma, mahali ambapo bwana asingepeleka mkono. Ni nadra kuyapata. Mengi yamekwenda na ukarabati mbaya wa zamani. Alikuwa ameomba kila mara litokee hata moja, jina moja tu la mtu aliyefanya kazi ile kwa mikono yake, aliweke pale chumbani mahali pa watu kusoma, juu ya jina la bwana.

“Mlipofungua nyuma,” akauliza, “kulikuwa na maandishi yoyote?”

Aliuliza kwa upole, na alikuwa ananitazama mimi. Mzee naye akanigeukia. Ile bahasha ilikuwa inachungulia mfukoni mwake, nyeupe. Ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza kusema kulikuwa na jina, fupi, si la bwana, jina la bwana ni refu, nimelifuta juzi kwa mkono huu, nilidhani nafanya vizuri. Ningemwonyesha ubao wa tatu. Labda kuna taa au mashine inayoweza kusoma kilichobaki, sijui, sikuuliza. Nilichokiona ni ghala, na mkanda wa maboksi, na magoti ya mke wangu kwenye ngazi. Nilikuwa nimechoka. Nasema hivi bila kutaka huruma ya mtu, maana yule aliyeliandika jina lake naye alikuwa amechoka, na bado aliliandika.

“No,” nilisema kwa Kiingereza. “Nothing. Only dirt.”

Akaitikia kwa kichwa. Akasema basi wataandika kama walivyoandika kwa vitu vingine vya nyumba ile, kwamba kabati ni kazi ya bwana. Akasaini karatasi za kulipokea. Alinipa mkono, akasema jumba lina bahati kunipata.

Alipoondoka mzee aliinuka kwa shida. Alikwenda mbele ya kabati na fimbo zake, akaingiza mkono kupitia mlango uliokuwa wazi, akapitisha kiganja kwenye mbao za nyuma. Nilisikia kiganja kinavyoteleza. Akakitoa, akakinusa.

“Msasa?”

“Laini.”

“Kulikuwa na kitu?”

Nilikuwa nakunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. Yeye hakurudia swali. Alisimama hapo muda wa kutosha mtu kuamua jambo, kisha akasema mgongo unamuuma, tumalize. Akaketi, akatandaza barua juu ya meza ya kazi, akasaini. Palikuwa na nafasi ya jina langu kamili, ambayo binti yake aliiacha wazi kwa kuwa hakujua linavyoandikwa. Mzee akaniuliza herufi moja moja. Aliandika polepole, na kila baada ya herufi alinitazama nithibitishe, asije akalikosea jina la mtu.

Cheti kilitoka mwezi wa kumi na moja. Mke wangu alipika samaki na ugali, akaita watu wa kanisa, wakaniombea. Binti yangu alinitengenezea maandishi ya mlangoni, maana mzee alipofunga nilikodi nusu ya nyuma ya karakana ileile, na sasa jina langu lipo pale juu ya bati kwa rangi ya bluu. Kazi zinakuja. Bega halijapona na halitapona. Mzee hunipigia simu mara mojamoja, tunazungumza kuhusu mbao na kuhusu mvua, na kuhusu kabati hatujawahi kuzungumza.

Nimejaribu kulikumbuka lile jina. Nimekaa mezani na bahasha za bili, nikichora ile herufi yenye mkia, nikiweka mbele yake herufi nne, tano. Naona umbo, sioni jina. Namba ya simu ya yule mama ninayo, ipo kwenye karatasi za kupokea kabati. Mara mbili nimeiandika kwenye simu, mara mbili nikaifuta. Naona aibu. Sina neno zuri zaidi la hilo.

Mwaka huu binti yangu alisikia kwamba jumba lile linafunguliwa kwa watu Jumapili, akang'ang'ania twende. Nilimwambia nimechoka. Akaniambia mimi nimechoka kila siku, hiyo si habari. Tulipanda treni hadi mjini, kisha basi hadi upande wa bandari wanakokaa wenye nazo. Alikuwa na furaha kuliko mimi. Kabati lilikuwa katika chumba cha kulia, nyuma ya kamba nyekundu, limewashiwa taa ndogo, na vile vichwa vya kondoo vinang'aa. Alipiga picha. Aliwaambia watu wawili wasiomjua kwamba baba yake ndiye aliyelikarabati, nao wakanitazama kwa heshima, nikatazama sakafu.

“It's beautiful, Dad,” alisema. “Who made it?”

“Imeandikwa hapo,” nikamwambia, nikimwonyesha kibao kando ya kamba.

Akainama kwenye kile kibao, akasoma kwa sauti jina la bwana, jina refu la Kiskoti. Niliendelea kutazama vichwa vya kondoo. Akadhani sikulishika, maana majina ya huku hunishinda na nyumbani hunicheka kwa hilo. Akanishika mkono, akalisema tena polepole, kipande kwa kipande, akaniambia nimfuatishe. Mara ya kwanza nilikosea. Akanirekebisha kwa uvumilivu. Mara ya pili nikalisema lote, vizuri, mbele ya lile kabati.

“Perfect,” akasema.